HC-SR04, US-100 au JSN-SR04T? Chagua kihisi cha umbali kwa kuangalia utakavyokisahihisha

Ukiziweka mezani moduli hizi tatu, mbili za kwanza utazichanganya kirahisi: bodi ndogo yenye vikombe viwili vya chuma vinavyokutazama kama macho ya bundi. Ya tatu ina jicho moja tu, linalofanana na vihisi vya bampa la gari, nalo liko mwisho wa waya wa mita mbili na nusu hivi. Kazi yao ni ileile. Wanapiga sauti ya kilohezi 40, mara mbili ya kikomo cha sikio la binadamu, wanasubiri mwangwi, kisha wanakuambia umechukua muda gani kurudi.

Wanunuzi wengi hukimbilia namba ya umbali mkubwa: mita 4, mita 4.5, mita 6. Mimi namba hiyo ningeiangalia mwisho kabisa, kwa sababu ni wachache wanaohitaji kupima mita 6, lakini karibu kila mtu atakutana na swali la kwa nini kihisi kilichosema 180 asubuhi kinasema 176 mchana ilhali ukuta haujasogea. Jibu la swali hilo ndilo linalozitenganisha moduli hizi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Makosa mawili yanayofungwa fundo moja

Kihisi hakipimi umbali. Kinapima muda, umbali ni hesabu inayofuata. Na hesabu hiyo ina makosa ya aina mbili.

La kwanza ni la kudumu. Linatokana na mahali ulipoweka ncha ya tepu (usoni mwa vikombe au kwenye bodi yenyewe?) na muda mfupi ambao saketi huchukua mpaka mwangwi uwe na nguvu ya kuvuka kizingiti. Kosa hili ni lilelile kwa ukuta wa sentimita 20 na wa sentimita 180. Nusu sentimita hapa, nusu sentimita kule.

La pili hukua kadiri umbali unavyokua, na chanzo chake ni hewa. Sauti husafiri kwa takriban mita 331.3 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 0 za Selsiasi, na huongeza kama mita 0.6 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Kwa nyuzi 20 ni mita 343.4, kwa nyuzi 35 ni mita 352.5. Tofauti ya asilimia mbili na nusu hivi inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu: kodi (yaani programu yako) iliyoandikwa kwa nyuzi 20 itausogeza ukuta wa mita 2 kwa zaidi ya sentimita 5 siku ya nyuzi 35. Unyevu nao unachangia, ila kidogo. Jishughulishe kwanza na joto.

Hata ile kanuni maarufu ya kugawa mikrosekunde kwa 58 ili upate sentimita ina jotoridi lililojificha ndani yake. Ukiifumua, 58 inamaanisha sauti inayokwenda mita 344.8 kwa sekunde, yaani hewa ya nyuzi 22 hivi. Ukiwa ndani ya chumba cha nyuzi 22, hongera. Nje ya hapo umekwisha kukosea kabla hujaunganisha waya.

Kwa kifupi, kosa la kwanza ni la moduli na la pili ni la hewa. La moduli unalipima mara moja na kuliandika. La hewa halipimwi mara moja, linakokotolewa kila wakati kutokana na joto la wakati huo. Anayetengeneza jedwali moja la “ikisema hivi, ongeza hivi” asubuhi moja kisha akaliacha humo, ameyafunga makosa yote mawili fundo moja, na joto likibadilika jedwali zima linakuwa la uongo.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaziangalia zote tatu kwa mambo manne. Kwanza, namna ya kuiendesha: volti, nyaya, na kiasi cha kazi inayoachiwa maikrokontrola (chipu inayoendesha kodi yako). Pili, umbali na mwale, na hapa namaanisha zaidi umbali wa *karibu* ambao moduli inaweza kuuona, na upana wa koni ya sauti yake. Tatu, kusahihisha: ni lipi kati ya yale makosa mawili unaachiwa wewe. Nne, inamfaa nani.

Kuna mambo ambayo hayatofautishi moduli yoyote, nayataja mara moja tu. Urefu wa wimbi la kilohezi 40 hewani ni milimita 8.6 hivi, kwa hiyo ukuta, kioo, ubao na uso wa maji tulivu vyote ni vioo kwa sauti hii. Ukivielekea mraba, yaani kwa pembe ya nyuzi 90, mwangwi unarudi. Ukivipinda sana, mwangwi unakwenda zake pembeni na kihisi kinadhani mbele hakuna kitu. Nguo, sponji na manyoya humeza sauti. Na vihisi viwili vikipiga kwa wakati mmoja, kila kimoja kitasikia sauti ya mwenzake na kuiamini. Hakuna moduli ya hapa itakayokuokoa na hayo.

HC-SR04

*Kuiendesha.* Pini nne: VCC (umeme), Trig (ya kuamuru), Echo (ya jibu), GND (ardhi). Unaipa volti 5, unapandisha Trig kwa angalau mikrosekunde 10, moduli inatoa mapigo 8 ya kilohezi 40, kisha Echo inapanda na kubaki juu mpaka mwangwi urudi. Muda wa kubaki juu ndio jibu. Ngoja milisekunde 60 au zaidi kabla ya kupiga tena, la sivyo mwangwi wa zamani uliozurura chumbani utaingia kwenye kipimo kipya.

Mitego iko mitatu. Wa kwanza ni kwamba Echo inatoa volti 5, ilhali bodi kama ESP32 na Raspberry Pi zinataka 3.3. Weka rezista mbili za kugawa volti: ya kilohomu 1 kutoka Echo, ya kilohomu 2 kwenda GND, na pini ya bodi yako katikati. Yapo matoleo mapya, kama HC-SR04P, yanayokubali volti 3.3 moja kwa moja, lakini kwa macho si rahisi kuyatofautisha na ya zamani. Soma maandishi kwenye bodi, usikisie.

Wa pili ni kusubiri. Ile `pulseIn` ya Arduino, amri inayopima muda wa Echo, usipoipa kikomo inaweza kusubiri hadi sekunde nzima mwangwi usiokuja, na roboti ikisubiri sekunde nzima inagonga ukuta. Ipe mikrosekunde 30000. Zinatosha kwenda na kurudi mita 5.

Wa tatu ndio uliowahi kunilaza macho: kikomo kikipita, `pulseIn` inarudisha 0. Kodi isiyojua hilo inageuza “sikusikia kitu” kuwa “kitu kiko kwenye pua yangu”. Roboti yangu ilikuwa inarudi nyuma kwa hofu kila ilipofika katikati ya chumba kikubwa kitupu. Nilibadilisha betri, nikabadilisha nyaya, nikailaumu moduli. Kumbe ilikuwa inaogopa uwazi.

*Umbali na mwale.* Sentimita 2 hadi 400 kwa karatasi, nyuzi 15 za pembe. Kwa kuwa kikombe kimoja kinapiga na kingine kinasikiliza, inaona karibu sana, na hilo ndilo jambo inaloishinda nalo JSN-SR04T. Hizo mita 4 ni za ukuta mpana na laini: karatasi yake ya maelezo inataka shabaha isiyopungua nusu mita ya mraba. Mguu wa kiti hautaonekana kwa mita 4, na si kosa la moduli.

*Kusahihisha.* Yote mawili ni yako. Haina kipimajoto, inakupa muda mtupu. Wengine huona huo ni upungufu. Mimi naona ni uaminifu, kwani hakuna hesabu iliyofichwa ndani ya chipu. Ukiongeza kipimajoto kama DS18B20 na kuweka kasi sahihi ya sauti kwenye kodi, kosa la hewa linapungua sana, linabaki lile la kudumu. Utaona pia kipimo kikirukaruka kama milimita 4 kwa mkupuo hata ukuta ukiwa umetulia. Wimbi moja la kilohezi 40 huchukua mikrosekunde 25. Kizingiti kikikosa wimbi la kwanza la mwangwi dhaifu na kushika la pili, umbali unaongezeka nusu urefu wa wimbi. Dawa yake si wastani wa kawaida. Chukua vipimo vitano au saba, vipange, ushike cha katikati.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza, kwa sababu kila hatua inaonekana. Anayetengeneza roboti ya ndani inayohitaji kuona vitu vilivyo karibu. Anayetaka kuimiliki hesabu mwenyewe. Haimfai mwenye unyevu, mvua au vumbi jingi, maana vikombe vyake viko wazi kwa wavu tu.

US-100

*Kuiendesha.* Inakubali volti 2.4 hadi 5.5, hivyo bodi za volti 3.3 zinaunganishwa bila rezista. Mgongoni ina jampa ndogo (kifuniko kinachounganisha pini mbili), na hiyo ndiyo roho yake. Ukiing’oa, US-100 inajifanya HC-SR04: Trig, Echo, hesabu ya muda. Ukiiacha, inazungumza kwa siriali (data inayotumwa biti moja moja kwenye waya) kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Unatuma baiti 0x55, inarudisha baiti mbili za umbali kwa milimita. Zikija 7 na 8, zidisha 7 kwa 256, jumlisha 8: milimita 1800. Ukituma 0x50 inarudisha baiti moja ya joto, unaondoa 45. Ikija 73, ni nyuzi 28.

Waya wa kuchanganya ni huu: pini iliyoandikwa Trig/TX inaungana na TX (ya kutuma) ya bodi yako, si RX (ya kupokea). Kumbuka Trig ni mlango wa kuingilia, utaelewa. Wengi huzipishanisha kwa mazoea ya siriali, kisha wanakaa wakitazama skrini tupu.

Faida ya siriali haionekani kwenye karatasi. Kwenye Raspberry Pi, mfumo wa uendeshaji una shughuli zake. Programu ya Python inayohesabu mikrosekunde za Echo inaweza kukatizwa katikati ya hesabu, na kila mikrosekunde 58 zilizopotea ni sentimita moja ya uongo. US-100 inahesabu yenyewe na kukupa namba iliyokamilika. Hata ukichelewa kuisoma, namba haiharibiki.

*Umbali na mwale.* Sentimita 2 hadi 450. Ina macho mawili, kwa hiyo karibu inaona vizuri kama mwenzake, na koni yake haina tofauti ya kukufanya uchague kwa ajili hiyo.

*Kusahihisha.* Hapa ndipo inapojitenga. Kosa la hewa inalishughulikia yenyewe kwa kipimajoto kilicho ndani, na la kudumu inakuachia. Kwa mtu asiyetaka kubeba kipimajoto cha pili, hilo ni nusu ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Ila isome vizuri. Hata ukiitumia kwa Trig na Echo, muda wa Echo umekwisha kurekebishwa kwa joto; maelekezo yake yanataka utumie mita 340 kwa sekunde daima, joto liwe lolote. Mtu anayehamisha kodi yake ya HC-SR04 yenye kipimajoto na kuipachika hapa anarekebisha mara mbili. Kipimo chake kitakuwa kibaya kuliko asingefanya lolote, na kitaharibika zaidi kadiri joto linavyopanda, jambo litakalomfanya aongeze marekebisho ya tatu.

La pili: kipimajoto kiko juu ya bodi, kwa hiyo kinapima joto la bodi. Ifungie kwenye kisanduku pamoja na kidhibiti volti kinachochemka, nayo itaamini hewa yote mpaka ukutani ina joto hilo. Na inasoma nyuzi nzima bila desimali. Nyuzi moja ni kama asilimia 0.17 ya umbali, yaani milimita 3 na kitu kwa mita 2. Kwa kazi nyingi ni sawa kabisa. Kwa anayewinda milimita, si sawa.

*Inamfaa nani.* Mwenye Raspberry Pi au bodi yoyote ya volti 3.3. Mwenye kifaa kitakachopita majira ya joto na baridi bila kuguswa. Mwenye kodi iliyokwisha kulemewa na kazi nyingine. Kama HC-SR04, iweke mbali na maji.

JSN-SR04T

*Kuiendesha.* Jicho linaweza kuloa, bodi haiwezi. Nalisema mapema kwa sababu neno “haiingizi maji” limeua bodi nyingi. Waya mrefu umewekwa ili bodi ikae pakavu na jicho tu litoke nje.

Kwa kawaida inaendeshwa kwa Trig na Echo kwa volti 5, na tahadhari ya Echo kwa bodi za volti 3.3 ni ileile. Matoleo yenye siriali huchaguliwa hali kwa rezista unayoilehemu kwenye nafasi iliyoachwa wazi: bila rezista ni Trig na Echo; ya kilohomu 47, inatuma kipimo yenyewe mfululizo; ya kilohomu 120, inangoja uitumie 0x55. Ujumbe wake una baiti nne: 0xFF, kisha mbili za milimita, kisha ya ukaguzi. Ikague hiyo ya nne. Kwenye waya mrefu karibu na mota, namba hupotoka. Zipo bodi zinazofanana nayo sana, kama AJ-SR04M, na mpangilio wa hali zake si lazima ulingane. Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, hakikisha ni ipi uliyo nayo.

Ikigoma kujibu kwa Trig ya mikrosekunde 10, jaribu 20. Sijui kwa nini baadhi ya mafundi huanza kwa kubadilisha moduli.

*Umbali na mwale.* Mbali, mita 4.5 hadi 6 kutegemea toleo. Karibu, sentimita 20 hadi 25, na hapo pana ukuta halisi. Jicho moja linapiga na kusikiliza. Kiwambo chake kikishapigwa huendelea kuvuma kama ngoma iliyotoka kuguswa, na mpaka kitulie hakiwezi kusikia. Sentimita 20 kwenda na kurudi ni milisekunde 1.2 tu. Kitu kikiingia ndani ya ukanda huo, usitegemee ujumbe wa hitilafu. Utapata namba yoyote, mara nyingi inayofanana na kweli, na hilo ni baya kuliko kimya.

Koni yake nayo ni pana kuliko ya wenzake. Mbele ya uwanja wazi haijalishi. Ndani ya tangi jembamba, mwangwi wa kwanza kurudi unaweza kuwa wa bomba la kuingizia maji au wa mshono wa ukuta, na utapata kipimo kisichobadilika kabisa huku maji yakishuka. Kipimo thabiti mno kinastahili kutiliwa shaka.

*Kusahihisha.* Kosa la kudumu ni lako, na la hewa pia ni lako. Kwa hali ya Trig na Echo unapata muda mtupu na unaurekebisha kama wa HC-SR04. Kwa siriali, kasi ya sauti imekwisha kutumika ndani, nawe unapokea milimita tu. Ndiyo maana kwa kazi ya kupima kwa makini napendelea Trig na Echo hata kama siriali ni nyepesi.

Kipimajoto chako kiweke kwenye hewa ileile inayopitiwa na sauti. Hewa iliyo juu ya maji ndani ya tangi lililofungwa na kupigwa jua haifanani na ya nje, na tofauti ya nyuzi 10 ni karibu asilimia 1.7 ya umbali. Matone ya mvuke usoni mwa jicho nayo yanadhoofisha mwangwi. Kulielekeza chini wima kunasaidia yadondoke.

*Inamfaa nani.* Mwenye maji, mvua, matope au vumbi, na mwenye nafasi ya kuliinua jicho juu ya kiwango cha juu kabisa cha kitu kinachopimwa. Mwenye roboti ndogo ya mezani atajuta.

Ugezi wenyewe, kwa moduli yoyote

Ugezi, yaani kukilinganisha kifaa na kipimo unachokiamini, hauhitaji maabara. Unahitaji ubao mpana ulionyooka, tepu, kipimajoto, na subira. Kiinue kihisi mbali na meza. Uso wa meza ulio chini ya mwale ni mwizi wa vipimo vya mbali. Uelekeze ubao mraba.

Pointi mbili zinatosha kukupa jibu, ila chukua tano au sita ili uone kama zinakaa mstari mmoja. Kila pointi, vipimo 30, shika cha katikati. Pima kwa tepu kuanzia usoni mwa kihisi na uandike kwamba ulianzia hapo. Andika na joto.

Hesabu yake inaonekana hivi. Tuseme hewa ina nyuzi 28, na HC-SR04 imetoa mikrosekunde 1178 kwa sentimita 20 na mikrosekunde 10366 kwa sentimita 180. Ukigawa kwa 58 kama ilivyozoeleka, unapata 20.3 na 178.7: karibu inazidisha, mbali inapunguza. Hakuna namba moja ya kuongeza itakayoponya zote mbili. Sasa chukua tofauti: mikrosekunde 9188 kwa sentimita 160, sawa na 57.4 kwa kila sentimita. Huo ndio mteremko, wa hewa. Ukiugeuza unapata kasi ya mita 348.3 kwa sekunde, ileile unayoitarajia kwa nyuzi 28. Kisha 20 mara 57.4 ni 1148. Kwenye 1178 zimebaki mikrosekunde 30. Hilo ndilo kosa la kudumu, la moduli, nusu sentimita hivi.

Andika hizo 30 kwenye kodi. Mteremko usiuandike, uache ukokotolewe kutokana na kipimajoto. Na kama mteremko ulioupata haulingani na joto lililopo, usiulazimishe: tepu imepinda, ubao haukukaa mraba, au kipimajoto kinapima kitu kingine.

Kwa US-100, fanya zoezi lilelile kwa milimita inazokupa. Ukikuta tofauti ni ileile kwenye pointi zote, marekebisho yake ya joto yanafanya kazi na unaondoa namba moja tu. Ukikuta inakua na umbali, gusa bodi kwa kidole uone kama ina joto. Kwa JSN-SR04T anzia sentimita 30, usishuke hapo.

Kwa hali yako

Roboti ya ndani inayokwepa vitu, na maikrokontrola ya volti 5: HC-SR04. Wala usihangaike na kipimajoto. Kwa sentimita 30 kosa la nyuzi 15 ni chini ya sentimita moja. Nguvu zako zitumie kwenye ile sifuri ya uongo.

Raspberry Pi inayopima kitu kinachosogea polepole, ndani au kwenye kisanduku kinachopitisha hewa: US-100 kwa siriali, bodi yake ikiwa mbali na chochote kinachochemka.

Tangi la maji: JSN-SR04T, mradi unaweza kuinua jicho angalau sentimita 30 juu ya maji yaliyojaa. Kama mfuniko unakaribiana na maji, lijengee shingo fupi na pana juu yake. Shingo nyembamba itarudisha mwangwi wa kuta zake. Kama tangi ni jembamba mno kwa koni yake, US-100 chini ya mfuniko inaweza kupima vizuri zaidi, lakini mvuke utaila. Ihesabu kama kitu cha kubadilishwa.

Unataka kutumia vihisi viwili au vitatu kwa pamoja, tuseme kuzunguka gari dogo: HC-SR04 au US-100, upendavyo, ila vipige kwa zamu, milisekunde 60 kati ya kimoja na kingine. Vitatu kwa zamu ni vipimo vitano na nusu kwa sekunde kwa kila kimoja. Kama hiyo ni polepole mno kwa mwendo wa gari lako, punguza vihisi.

Unapima nguo, sponji, au tundu dogo katikati ya vitu vingine: hakuna hata kimoja. Tafuta kihisi cha mwanga kama VL53L0X, ambacho mwale wake wa infraredi hauhangaiki na joto la hewa, ingawa jua kali litakipunguzia umbali na kioo kitakichanganya.

Na kama bado umekwama kati ya HC-SR04 yenye kipimajoto cha pembeni na US-100, fanya jaribio la siku moja. Funga uliyo nayo mahali pake halisi ikiutazama ukuta usiosogea, rekodi kipimo na joto kila baada ya dakika kumi, kuanzia alfajiri hadi usiku. Mstari wa umbali ukibaki bapa huku wa joto ukipanda na kushuka, umemaliza. Ukipanda nao, joto limerekebishwa kupita kiasi, pengine mara mbili. Ukishuka joto linapopanda, kasi ya sauti kwenye kodi yako imebaki ya baridi.